Nyoka wa mtumba

Mwaka 1961 mfugaji mmoja alimkabidhi chatu wake kwa bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani. Julai 2020 chatu huyohuyo, akikadiriwa kuwa na miaka isiyopungua 62, alitaga mayai saba, na alikuwa hajakaribiana na dume kwa zaidi ya miaka 20. Magazeti yalishangaa mayai. Sisi tulishangaa ile 1961: mtu alimtoa nyoka wake, na waliompokea wakakaa naye karibu miaka 60.

Tunaanzia kwenye miaka hiyo kwa sababu wengi huanzia kwenye bei.

Huyo si chatu wetu mkubwa anayemeza swala. Ni nduguye mdogo anayepatikana kuanzia Senegal hadi Uganda, hana sumu, na kwa kawaida hazidi mita moja na nusu. Waingereza humwita chatu wa kifalme. Wamarekani humwita chatu mpira, maana akiogopa hujiviringa duara na kuficha kichwa katikati. Alisafirishwa kwa maelfu kutoka Ghana, Togo na Benin, akazaliana ughaibuni, na leo ni miongoni mwa nyoka wanaofugwa sana Uingereza na Marekani. Kisha mwanafunzi humaliza chuo, mwenye nyumba hukataa wanyama, mtoto aliyemlilia nyoka huota ndevu na kuhama. Nyoka hubaki. Ndipo anaporudi sokoni na kasha lake la kioo, taa na bakuli, kwa bei ya kutupa.

Msomaji wa Nairobi au Arusha asiyachukue haya kuwa ruhusa. Sheria za wanyamapori, ile ya Kenya ya 2013 na ile ya Tanzania ya 2009, hazimruhusu mtu kuweka chatu sebuleni bila kibali. Tunazungumza na ndugu zetu walioko kule ambako nyoka huyu hufugwa kihalali, na ambako siku moja kijana wa nyumbani ataingia mlangoni amekumbatia kasha.

Maoni yetu ni kwamba nyoka wa mtumba ni bora kuliko mpya. Ukubwa wake unauona, tabia yake unaweza kuiuliza, na hakuna aliyeingia porini kumtoa kwa ajili yako. Ila mtumba huchaguliwa. Aliyezoea masoko ya mitumba ya Gikomba au Karume hanunui shati kabla ya kulikunjua, akaangalia kola, kwapa na zipu. Nyoka naye akunjuliwe. Mwili uwe wa mviringo. Uti wa mgongo ukichongoka kama paa la bati, huyo ana njaa ya muda mrefu. Pumzi iwe kimya. Anayepumua mdomo wazi, au anayetoa mapovu, huenda mapafu yake yanaumwa, na gharama ya daktari wa mifugo anayejua reptilia itaipita bei ya nyoka. Mgeuze tumbo utafute makovu ya kuungua. Chungulia chini ya kidevu na kuzunguka macho: vidoa vyeusi vinavyotembea ni utitiri, na nyoka anayeshinda ndani ya bakuli la maji mara nyingi anajaribu kuwazamisha. Kichwa kikiyumba kama cha mlevi, uliza kama ni wa aina ile ya rangi ambayo wafugaji huiita buibui. Kasoro hiyo amezaliwa nayo, wala haina dawa.

Angalia na ngozi. Watanzania hawajasahau mwaka 2011, chama tawala kilipotangaza kujivua gamba. Chatu mzima hulivua lote kwa mkupuo, kama soksi. Likitoka vipande vipande, au likibakia juu ya macho, hewa ya kasha lake ni kavu mno. (Ya chama wasomaji wataamua wenyewe.) Dawa ni sanduku dogo lenye mlango na kuvumwani yenye unyevu ndani, si kulibandua kwa kucha.

Sasa vifaa. Katika rundo lile la bei ya kutupa, kinachokosekana kila mara ni thamostati, yaani kidhibiti joto, na ndicho cha kununua kwanza. Upande mmoja wa kasha uwe na nyuzi 31 au 32, wa pili 25 au 26, ili nyoka achague mwenyewe. Mkeka wa joto usio na thamostati utamchoma, naye ataendelea kuulalia huku akiungua. Weka maficho mawili, moja kila upande, asilazimike kuchagua kati ya joto na usalama. Kioo kitupu humtisha, kwa hiyo funika pande tatu kwa kadibodi. Mfuniko ufungwe kwa kufuli au kibanio. Haya yote yawe yamewashwa na kupimwa siku nzima kabla nyoka hajaingia.

Akishaingia, mwache. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, kwa sababu wetu ni utamaduni wa kumkaribisha mgeni: tunampa maji, chakula, tunamshika mkono, tunawaita majirani. Kwa chatu, ukarimu huo ni mateso. Mpe maji basi. Wiki nzima asishikwe, asipigwe picha, asipelekwe kwa shangazi. Baada ya wiki, jioni, mpe panya wa kugandishwa aliyeyeyushwa na kupashwa moto kwa maji, unene wake usizidi sehemu nene ya mwili wa nyoka, ukimshika kwa koleo refu. Maikrowevu usiiguse, hata kama humjali nyoka, ijali ndoa. Panya hai usimtie humo, kwani panya naye ana meno, na chatu asiye na njaa hung'atwa hadi mfupani.

Akikataa, mtoe panya, subiri wiki moja au mbili, jaribu tena. Chatu huyu mzima anaweza kufunga miezi kadhaa bila ugonjwa wowote, hasa kunapopoa. Anayekuambia kama kuna hatari ni mizani. Mpime kila mwezi, andika. Uzito ukishikilia, tulia. Ukiporomoka, nenda kwa daktari. Tumeona watu wakibadilisha kasha, taa, aina ya panya na chumba katika wiki moja kwa kuogopa mfungo huo, na kila badiliko likawa sababu mpya ya nyoka kutokula. Akila, usimshike kwa siku mbili, la sivyo anaweza kutapika. Kila ukimshika, nawa mikono kwa sabuni, kwa sababu reptilia hubeba salmonela. Watoto chini ya miaka mitano wasimguse kabisa.

Na ukichoka naye, tafuta anayemtaka, usimwachie porini. Kusini mwa Florida chatu wakubwa wa Burma waliotoroka au kuachiwa na wafugaji wamezaliana katika vinamasi vya Everglades, na serikali huko sasa inalipa watu kuwawinda.

Upo pia wajibu wa anayetoa, na huu hausemwi vya kutosha. Ampe anayepokea daftari: amezaliwa lini au alinunuliwa lini, alikula lini mara ya mwisho, alikula nini, panya mdogo au panya buku, mweupe au wa kahawia, hai au wa barafu. Chatu aliyezoea kimoja anaweza kukiona kingine si chakula. Alijivua lini? Amewahi kuumwa nini? Asiyeweza kujibu maswali matatu kati ya hayo, mshushe bei. Akikupa bure, dai na kasha, lakini kipimajoto nunua chako.