Kuzama si Kuzamia

Upo usemi unaopendwa barazani kwamba malenga ni jirani wa mwendawazimu, na kwamba asiyerukwa na akili walau kidogo hawezi kutunga. Usemi huu huandamana na wa pili: kwamba giza lizaalo wazimu lina makao yake mbali na bahari, na makao hayo yakitafutiwa jina, huitwa Sumbawanga. Semi zote mbili ni batili, na ubatili wao una shina moja.

Carl Gustav Jung, tabibu wa Uswisi aliyeanza kazi mwaka 1900 katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Burghölzli, Zürich, alifundisha kwamba chini ya fahamu ya kila mtu liko lindi lenye sura na sauti za kale. Lindi hilo si maradhi. Maradhi huja pale umimi, yaani kitovu cha fahamu kinachomwezesha mtu kusema "huyu ndimi, na ile ni ndoto", unaposhindwa kustahimili mafuriko yake. Umimi huo si ubinafsi wala majivuno, ni nanga.

Mwaka 1934 Jung alimtibu Lucia, binti wa mwandishi James Joyce. Baba aliyaona maneno ya ajabu ya mwanawe kuwa ndugu wa sanaa yake. Jung hakukubali: wote wawili wameshuka katika mto mmoja, ila mmoja amezamia na mwenziwe amezama. Mtu wa pwani hahitaji kufasiriwa tofauti hiyo. Mzamiaji hurudi kwa pumzi zake; aliyezama huletwa ufukweni na wimbi. Jung mwenyewe alivamiwa na njozi kuanzia mwaka 1913, akaziandika katika Kitabu Chekundu kilichochapishwa mwaka 2009. Kilichomshikilia, kwa kauli yake, ni aila yake na wagonjwa waliomngoja. Na shairi la mizani 16 kwa mshororo, lenye vina vya kati na vya mwisho, halitungwi na aliyepoteza hesabu.

Ama Sumbawanga, jina lake lenyewe hufasiriwa kuwa ni amri ya kuutupa uchawi. Wanaolitumia kama kisawe cha uchawi wamelisoma kichwa chini. Masimulizi ya Ufipa, aliyoyachunguza Roy Willis katika miaka ya 1960, yanaeleza jinsi wanawake watatu wageni walivyofika Milansi na kuutwaa utawala wa nchi. Hata hivyo Milansi haikufutwa. Ilibakiwa na heshima ya ukuhani. Mgeni mwenye nguvu aliingia, na mwenyeji hakupotea. Umimi imara haufanyi zaidi ya hayo. Na mkulima wa uwanda huo hufukia nyasi ndani ya matuta ya mviringo zioze, kisha huyatawanya msimu mwingine na kupanda. Kilichooza hakiogopwi wala hakiabudiwi, hulimwa.

Haikanushiki kwamba Ufipa nayo imeijua hofu. Mnamo 1963 na 1964 vijana wa harakati ya Kamcape walipita vijijini wakiwasaka waliodhaniwa wachawi na kuwanywesha dawa. Lakini kumtwika jirani kile ambacho nafsi imeshindwa kukibeba si desturi ya Wafipa peke yao. Jung alipotua Mombasa mwaka 1925 alikuja na lindi lake, akalivisha jina la Afrika, akaogopa kumezwa nalo. Hilo ndilo shina la semi zile mbili: malenga wa pwani anayeipa Sumbawanga giza lake anarudia kosa la Mzungu yule, ila yeye anaelekeza kidole magharibi kidogo zaidi.

Deni la kosa hili hulipwa na wengine. Mgonjwa anayesikia sauti zisizo na msemaji hana diwani, ana hofu. Anayemwambia kwamba amejaliwa kipaji, na anayemwambia kwamba amerogwa, humcheleweshea tiba kwa namna moja. Mirembe kule Dodoma na Kidongo Chekundu hapa Unguja zilijengwa kwa ajili ya waliozama. Malenga asiyeuona msiba huo na ashike kalamu nyingine, au anyamaze.