Diski ni yangu, linki ngumu baki nazo

Leo siasa naiweka pembeni. Nina hasira na watu wanaotengeneza vifurushi vya Linux.

Juzi usiku nilibadilisha faili la mipangilio ya barua pepe ndani ya /etc ili nitume habari kwa mhariri. Nikahifadhi, nikawasha programu upya. Wapi! Nimehangaika saa mbili, habari ikafika gazeti limeshafungwa. Kumbe aliyetengeneza kifurushi kile (jina namhifadhia) aliweka linki ngumu: faili moja, majina mawili.

Kwa wasiozijua: linki laini ni kibao tu kinachosema "nenda kule". Linki ngumu ni jina la pili kamili la faili lile lile. Ukichapa ls -i utaona namba ni moja. Tatizo ni kwamba baadhi ya edita, zikihifadhi, huandika faili jipya na kulipa jina la zamani. Jina nililofungua likahamia kwenye faili jipya, la pili likabaki na mambo ya kale. Programu ilikuwa inasoma lile la pili, na hakuna aliyenionya.

Sheria ipo. Debian wana chombo cha kukagua vifurushi kinachoitwa Lintian. Kikikuta linki ngumu ndani ya /etc, au inayounganisha folda mbili tofauti, kinalalamika. Kwa nini folda mbili? Kwa sababu linki ngumu haivuki patisheni. Mimi nikiamua /var ikae patisheni yake, kerneli itaikataa linki hiyo na kifurushi kitakwama katikati ya kusakinishwa.

Wapo wajuaji wanaosema sheria hii ni ya kizee, eti siku hizi kila mtu ana patisheni moja. Nani kawaambia? Wamekuja kwangu lini wakaiona diski yangu? Wengine wanasema inaokoa nafasi. Linki laini nayo inaokoa, na ls -l inakuonyesha wazi inaelekea wapi.

Sisemi linki ngumu ni haramu. Git ukiisakinisha kutoka kwenye msimbo wake, amri zake nyingi ni majina tofauti ya programu moja. Lakini angalia adabu yake: inajaribu linki ngumu, ikishindikana inaweka linki laini, nayo ikishindikana inanakili. Kifurushi kilichokwisha kufungwa hakina nafasi ya kujiuliza hivyo. Ndiyo maana anayekifunga lazima ajiulize mapema.

Anayefunga mzigo haijui nyumba utakamofunguliwa. Asipange vyumba vya watu. Lintian ikikulalamikia, ndugu yangu, usiinyamazishe. Rekebisha kifurushi chako, maana atakayekesha siyo wewe.

Nawasilisha.