Meza ya bakubwa ya mina: nani anaikalia, na mutoto ya muchimbaji atafika pale ngisi gani?

Tarehe 22 Februari 2025 serikali ilifunga njia ya kobalti kutoka inje ya inchi. Tarehe 16 Oktoba ya ule mwaka njia ilifunguliwa tena, lakini na kipimo: toni 18.125 mpaka mwisho ya 2025, kisha toni 96.600 kila mwaka kwa 2026 na 2027. Ku Kolwezi, ku Fungurume, ku Likasi, swali moja iliingia mu manyumba: kama kompani inauzisha kidogo, itapunguza nini? Masaa ya kazi? Primi? Batu ya sutretansi?

Tunauliza shefu ya ekipi, naye hajue. Tunauliza ata direktere ya mina, naye anangojea. Sababu uamuzi kama ule haukatwe ku shimo. Unakatwa ku konseyi ya kompani, pa meza ya batu kidogo benye banakutana mara kidogo ku mwaka. Bale njo banakubali bajeti, banapitisha mahesabu, banachagua direktere jenerali, na banaweza kumutosha. Njo maana, ndugu bafanyakazi na bamama ya manyumba, leo tusemee ile meza. Mutoto yetu anaweza kuikalia? Ndiyo, anaweza. Lakini njia haiko ile yenye batu mingi banafikiri.

Batu mingi banaona kazi sawa ngazi moja: unaanza muchimbaji, unakuwa kapita, unakuwa shefu, unakuwa kadre, unakuwa direktere, na mwisho ya ngazi unakuta konseyi. Mpaka ku direktere, ni kweli kuko ngazi. Ku konseyi, ngazi inaisha. Pale kuko biti, na kila kiti iko na mwenyewe. Sheria ya OHADA, yenye inatumika mu Congo tangu 2012, inasema kama konseyi ya kompani ya aina ya SA inakuwa na batu 3 mpaka 12. Banaowachagua ni benye sehemu za kompani, mu mukutano yao kubwa. Diploma peke yake haikuingize. Myaka 30 ya kazi peke yake haikuingize. Lazima mwenye sehemu akutume.

Sasa benye sehemu ni nani? Bazungu na Bachina, tutajibu mbio mbio. Lakini tuangalie muzuri. Ku Tenke Fungurume, CMOC iko na 80%, Gécamines iko na 20%. Ku Kamoa-Kakula, Serikali ya Congo iko na 20%. Ku Sicomines, upande ya Congo iko na 32%. Ku KCC pia Gécamines iko na sehemu yake. Maana yake, pa kila meza ile kubwa kuko kiti ao biti ya Bakongomani. Ile biti iko yetu sisi bote, juu sehemu zile zilitoka mu udongo yetu. Lakini ulizeni mu kartye: nani anakalia biti ile? Alichaguliwa juu ya nini? Analeta ripoti kwa nani? Batu benye banaweza kujibu ni kidogo sana.

Zamani njia ilikuwa wazi kidogo. Wakati ya Union Minière, Mukongomani alikuwa mukono tu, akili ilikuwa ya Muzungu. Tangu 1967, Gécamines ilianza kupandisha batu. Ilikuwa na mashule yake, hospitali yake, na mutoto ya mufanyakazi aliweza kusoma, kurudia injeniere, na kuwa mukubwa mu nyumba ile ile yenye ilimulea. Siseme kama kila kitu ilikuwa muzuri, siasa ilikuwa inaingia mingi. Lakini ngazi ilikuwako. Kisha mina ya Kamoto ilianguka mu 1990, uzalishaji ukashuka sana, na mu 2003 bafanyakazi zaidi ya 10.000 balitoshwa na kile kiliitwa kuondoka kwa mapenzi. Kompani mupya zilizoingia na Kode ya mina ya 2002 zilikuja na bakubwa yao. Balitukuta sisi chini, na ngazi imevunjika katikati.

Tena kuko sutretansi. Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 inawekea kazi ile kompani za Bakongomani. Ni kitu muzuri, imezaa badirektere yetu. Lakini kijana mwenye iko na kontra ya myezi mitatu, inarudiliwa na kurudiliwa, atapanda ku nini? Hakuna mwenye anamupeleka ku formasio, hakuna mwenye anaandika jina yake ku liste ya bale watakaopanda. Mwenye anasema na bana "someni, mutakuwa badirektere" na hasemi ile neno ya kontra, anabadanganya nusu.

Pamoja na ile yote, kuko benye balifika. Louis Watum Kabamba, injeniere, aliongoza mina ya zahabu ya Kibali kule Haut-Uélé, kisha akaongoza kazi ya Kamoa huku kwetu, akakuwa mukubwa ya Chambre des mines ya FEC, na tangu Agosti 2025 ni waziri ya Mina. Mama Marie-Chantal Kaninda alipitia kompani mbalimbali za zahabu na almasi, akaongoza World Diamond Council, kisha akakuwa musemaji na mukubwa ya Glencore mu Congo. Sibasifu juu ya siasa. Ninaonyesha kitu kimoja: habakungojea fasi moja. Balibadilisha kompani, balibadilisha aina ya madini, balijifunza kusema na bale benye feza.

Kwa kijana mwenye anatumika leo, ao mwenye angali ku Polytechnique ya UNILU, ninaona bintu ine.

Ya kwanza, usibakie mu serviси moja. Uzalishaji, matengenezo, usalama, mazingira: mwenye anajua upande moja tu, atabakia shefu ya upande ile.

Ya pili, luga. Kifaransa ya kuandika muzuri, na Kingereza ya kusoma ripoti. Glencore iko na makao Uswisi, Ivanhoe iko Kanada. Kwa Kichina, mwenye anaweza ajifunze, faida iko.

Ya tatu, feza. Hapa njo bainjeniere yetu banaangukia. Ku shimo tunahesabu toni. Ku konseyi banahesabu bei ya kutosha ratili moja ya shaba, na toni moja iko na ratili 2.204. Mwenye anasema "tulichimba mingi" habamusikilize. Mwenye anasema "tulipunguza bei ya kila ratili, na hakuna mutu aliumia" banamusikiliza. Jifunze kusoma bilani: deni ngapi, faida ngapi, na faida ile ilienda wapi.

Ya ine, anzia ku meza ndogo. Kode ya mina yenye ilibadilishwa tarehe 9 Marsi 2018 inadai kompani itoshe 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya bakaaji ya pembeni ya mina. Feza ile inaongozwa na chombo chenye bajumbe ya kompani na bajumbe ya bakaaji. Pale kuko bajeti, kuko kura, kuko prose-verbale ya kuweka sinyatire. Ni masomo ya konseyi, na iko karibu na mulango yako. Mama mwenye anaongoza likelemba ya bamama 30 na feza haipotee, anaweza kukaa pale. Mutuelle, kooperative, keshi ya sendika, ni vile vile.

Bandugu bamoja ku sendika banapinga. Banasema: mutu yetu akipanda kule, atakuwa mutu ya patroni. Ogopa yao iko na sababu. Sheria yenyewe inasema mwenye kukaa ku konseyi anatumikia kompani, na akiharibu, anaweza kujibu yeye mwenyewe mbele ya tribinali. Kwa hiyo tusimutume kule sawa delege. Delegasio ya sendika itabakia na kazi yake, na kiti moja ku konseyi haitaiondoa. Lakini kuko tofauti kati ya meza yenye hakuna ata mumoja mwenye alipitisha usiku mu shimo, na meza yenye mumoja iko. Mu Mei 2025, wakati chini ya Kakula ilitikisika na maji ikaingia, batu balitoshwa, kazi ya chini ikasimama. Kurudisha batu mu shimo siku gani, na kwa bei gani, ni neno yenye inataka mutu mwenye anajua jiwe inalia ngisi gani mbele ya kuanguka. OHADA inakubali kama mufanyakazi ya kompani achaguliwe ku konseyi, kama kontra yake ni ya kazi ya kweli. Mulango haufungwe na sheria.

Basi tunadai nini? Tunadai Serikali na Gécamines batangaze majina ya bale beko banatukalia pa meza zile, na babachague kwa mashindano ya wazi, si kwa ujamaa. Tunadai ile 10% ya sehemu, yenye Kode ya 2018 inawekea batu Bakongomani, isibakie mu mikono ya batu kidogo ya mujini. Bafanyakazi baingie mule pamoja, juu mwenye sehemu njo mwenye kura, na mwenye kura njo mwenye anachagua konseyi. Na tunadai kila kompani ionyeshe liste: kiti hii iko na mugeni, Mukongomani huyu anajifunza pembeni yake, na tarehe ya kubadilishana ni hii.

Ku mukutano yenye inakuja na direksio, delege aulize maswali tatu tu: Bakongomani ngapi beko ku konseyi yetu na nani aliwatuma? Mwaka huu feza ngapi ilienda ku formasio ya bakadre yetu? Na bafanyakazi ya sutretansi beko mu formasio ile, ao hapana? Majibu ibandikwe ku mulango ya mina, fasi kila mutu anapita.