Ndege za mkopo: Kwa nini Bermuda ilijiunga na Mkataba wa Cape Town?

Bermuda ni visiwa vidogo vya Bahari ya Atlantiki vyenye wakazi wasiofika 70,000. Hata hivyo, mamia ya ndege zinazobeba abiria katika nchi nyingine zimewahi kusajiliwa huko. Sababu ni kwamba kampuni nyingi zinazomiliki ndege na kuzikodisha hupenda maeneo yenye kodi ndogo na sheria wanazozifahamu.

Tangu Januari 1, 2018, Bermuda inafuata Mkataba wa Cape Town wa mwaka 2001. Kwa kuwa ni eneo la ng'ambo la Uingereza, haikujiunga yenyewe, bali Uingereza ndiyo iliyoupeleka mkataba huko. Visiwa vya Cayman vilitangulia mwaka 2015.

Mkataba unasema nini?

Tufikirie bodaboda ya mkopo. Mkopeshaji hukaa na kadi mpaka deni liishe, na usipolipa huichukua pikipiki. Lakini ndege ikilala Nairobi leo, kesho inaweza kuwa Mumbai. Mwenye mali ataidai kwa sheria ya nchi gani?

Mkataba unajibu kwa kuweka daftari moja la dunia, linaloendeshwa kwa mtandao kutoka Dublin, Ireland. Aliyeandikisha dai lake kwanza ndiye anayetangulia kulipwa. Shirika la ndege pia linaweza kumpa mkopeshaji hati ya kumruhusu kuifuta ndege kwenye usajili na kuiondoa nchini likishindwa kulipa. Mkopeshaji mwenye uhakika huo huwa tayari kupunguza riba.

Je, ulinzi huo unatosha?

Mwaka 2022 ulionyesha mipaka yake. Zaidi ya ndege 700 zilizokuwa zikitumiwa na mashirika ya Urusi zilikuwa na usajili wa Bermuda. Baada ya Urusi kuivamia Ukraine na kuwekewa vikwazo, Bermuda ilisimamisha vyeti vyao vya usalama mwezi Machi. Urusi, ambayo nayo ni mwanachama wa mkataba, ilipitisha sheria ya kuzisajili upya nyumbani. Wenye ndege wengi waliambulia patupu, wakaenda kuzidai kampuni za bima. Juni 2025, Mahakama Kuu ya London iliamua walipwe. AerCap ya Ireland pekee ilipewa zaidi ya dola bilioni 1.

Sisi tunahusikaje?

Kenya iliridhia mkataba huu mwaka 2006 na Tanzania ikajiunga mwaka 2009. Mashirika yetu nayo hukodi ndege au kuzinunua kwa mkopo. Riba ikipanda, gharama hiyo humfikia abiria kwenye tiketi na mkulima anayesafirisha maua au maharage mabichi kwenda Ulaya.

Kwa maoni yetu, funzo la Bermuda ni hili: kusaini ni hatua ya kwanza tu. Mkopeshaji huangalia pia kama mahakama na mamlaka za anga za nchi zitatekeleza zilichoahidi siku deni litakaposhindikana.