CHIFU NI KICHWA, LAKINI KICHWA CHA NANI?

Wandugu wa Kazimia, na ninyi mnaochimba zahabu huko Misisi,

Kuna ubishi sokoni na ndani ya mitumbwi. Ndugu zetu waliokimbia vita mwaka 1996 na kuishi kambini Nyarugusu, Tanzania, walirudi na neno «chifu». Sisi tuliobaki tunasema «shefu». Wengine wanadhani chifu ni mkubwa kupita shefu. Hapana, wandugu. Neno ni moja.

Chifu ni neno la Kiingereza, lakini Waingereza hawakulizaa. Mwaka 1066 watu wa Normandy, katika Ufaransa, waliwashinda vitani, na maneno mengi ya utawala yakaingia kwao kwa lugha ya wakubwa wapya. Wafaransa nao walilitoa katika Kilatini, «caput», maana yake kichwa, hiki hiki tunachobebea mizigo. Katika neno hilo hilo Wareno walipata «capitão», nasi tukapata «kapita». Wazee wetu walimjua kapita: wakati wa Leopold II, mbele ya mwaka 1908, alisimama vijijini na bunduki akidai mpira. Basi chifu, shefu na kapita ni watoto wa tumbo moja.

Sasa tuulize: kichwa cha nani? Wabembe hawakuwa na mfalme mmoja. Wazee wa koo walikaa pamoja na kushauriana. Kwa amri ya tarehe 5 Desemba 1933 Wabelgiji waliunganisha vikundi vidogo kuwa sekta, na juu ya kila sekta wakaweka shefu. Alikusanya kodi na kutoa watu wa kazi, na aliyemweka ndiye aliyeweza kumwondoa. Kilikuwa kichwa kilicholetwa kutoka mbali na kushonwa juu ya shingo yetu.

Ng'ambo ya ziwa, Tanganyika ilifuta madaraka ya machifu mwaka 1963. Sisi tumebaki na sekta yetu ya Ngandja na shefu wake. Hatugombani na jina. Tunasema tu kwamba miguu ndiyo inayobeba kichwa, na mwiba ukiingia mguuni, kichwa kizima lazima kisikie. Mchimbaji anatoa kodi shimoni, mama anatoa kodi ya soko. Wana haki ya kuuliza: feza imekwenda wapi?

Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 imesema sekta iwe na baraza lililochaguliwa na wananchi, na baraza hilo limchague shefu wa sekta. Tunadai sheria hiyo itimizwe Ngandja, isilale katika karatasi. Mtu akiitwa chifu, akiitwa shefu, ni sawa kwetu, ikiwa sisi tulio mwili ndio tuliomchagua, na sisi ndio anaotujibu.