Msimkatae mkwe kwa "akili za kwao"



Leo nina la moyoni. Kwenye posa moja nilimsikia mama akimkataa msichana, mcha Mungu na mwenye adabu zake, kwa sababu katoka Geita. "Watoto wa huko wazito skuli. Wajukuu zangu watarithi." Nilinyamaza kwa heshima. Leo sinyamazi.

Sikatai, kurithi kupo. Watafiti wa Minnesota, Marekani, waliwapima mapacha wa kufanana waliolelewa nyumba mbalimbali, wakakuta akili zao zinakaribiana. Lakini mwaka 2003 Eric Turkheimer na wenzake walionesha kuwa kwa watoto wa familia maskini za Marekani, tofauti za akili zilitokana zaidi na mazingira kuliko damu. Ni kama mahindi: mbegu bora ikikutwa na ukame wa Shinyanga, utavuna mabua. Utailaumu mbegu?

Sasa tuje Geita. Wachimbaji wadogo hukamatisha dhahabu kwa zebaki, kisha wanaichoma, mara nyingine uani kwenye nyumba wanazolala watoto. Mama mjamzito anavuta mvuke ule, unaingia kwenye damu, unavuka kondo la nyuma mpaka kwenye ubongo wa mtoto ambao ndio kwanza unajengeka. Japani walionja sumu ya zebaki kupitia samaki wa Minamata, miaka ya 1950: mama anaonekana mzima, mtoto kazaliwa ubongo umeharibika. Ndiyo maana mkataba wa dunia wa mwaka 2013 dhidi ya zebaki umepewa jina la mji ule, na Tanzania imeuridhia.

Basi mtoto wa mgodini akiwa mzito darasani, msiseme kwao hawana akili. Semeni kadhulumiwa kabla hajazaliwa.

Na dhahabu hiyo anaivaa nani? Mama yule alikuwa na bangili nne mkononi. Sie mabiharusi tunang'ara, mwenzetu anavuta moshi, halafu tunamwambia damu yake mbovu!

Tumefundishwa kumchagua mke kwa dini yake. Ukishampata, mtunze: apate chakula kizuri, chumvi yenye madini joto, kliniki mapema, na akae mbali na moshi wa zebaki. Akili ya mtoto ni amana, na amana huanza kulindwa tumboni.

Allah atuepushe na kiburi cha nasaba. Amin.