Gogo kwenye gurudumu

Jumamosi, nikitoka zamu ya usiku, kaka alinipigia simu ya video kutoka Ifakara. Trekta letu la kuchangishana limezama kando ya bwawa la samaki, matope hadi ekseli, na vijana wanafunga gogo kwenye magurudumu ya nyuma.

Nilipiga kelele palepale kituoni. Gogo likinasa, gurudumu haligeuki tena. Injini hunyanyua pua ya trekta, nalo humpindukia dereva kabla hajakanyaga klachi. Wodini nimehudumia waliobanwa kifua.

“Kaka, nakuomba, ashuke! Chimbeni, mkodi trekta lingine livute. Mnyororo ufungwe chini, watu wakae mbali.”

Akanuna: kukodi ni pesa. Nikatuma. Likatoka Jumapili jioni. Hajanishukuru bado, nami nimeomba zamu mbili za ziada.